Jopo lihesabu kura kwenye sababu au kwenye hitimisho?

Mleta mada

Wanajukwaa, salaam. Naomba tujadili tatizo ambalo karibu kila aliyewahi kukaa kwenye jopo, bodi au kamati amelipitia, ingawa huenda hakulitambua. Tumezoea kuamini kwamba watu makini wakifikiri kwa uangalifu, kisha kura zao zikahesabiwa kwa haki, uamuzi utakaopatikana hauwezi kujipinga wenyewe. Imani hiyo si sahihi, na kosa haliko kwa watu wala kwa mhesabu kura.

Chukulieni jopo la wahandisi watatu linalotakiwa kuamua kama daraja lifungwe. Kanuni wamepewa, na wote wanaikubali: daraja litafungwa endapo mambo mawili yamethibitika kwa pamoja, yaani ufa ulio kwenye nguzo umepita kina kinachoruhusiwa, na uzito wa magari yanayopita utaongezeka. Likikosekana moja, daraja linabaki wazi. Mhandisi wa kwanza anaona yote mawili ni kweli, hivyo anataka lifungwe. Wa pili anakubali kwamba ufa umepita kiwango lakini haoni dalili ya uzito kuongezeka, hivyo anasema lisifungwe. Wa tatu anaona uzito utaongezeka, ila kwake ufa bado uko ndani ya kiwango, hivyo naye anasema lisifungwe. Hakuna hata mmoja aliyejipinga.

Sasa hesabuni. Kuhusu ufa, wawili dhidi ya mmoja wanasema umepita kiwango. Kuhusu uzito, wawili dhidi ya mmoja wanasema utaongezeka. Kuhusu kufunga, wawili dhidi ya mmoja wanasema lisifungwe. Jopo limekubali sharti la kwanza, limekubali sharti la pili, limekubali kanuni inayoyaunganisha, kisha limekataa kile ambacho lazima kifuate. Mtu mmoja angezungumza hivyo, tungemtaka arudi akafikiri upya. Jopo likizungumza hivyo, tunapiga muhuri.

Tatizo hili lilianza kuchambuliwa kwa kina na wanasheria wa Marekani Lewis Kornhauser na Lawrence Sager katika miaka ya 1980 na 1990, walipokuwa wakichunguza namna mahakama zenye majaji wengi zinavyofikia hukumu. Mwaka 2002 wanafalsafa Christian List na Philip Pettit walilipeleka mbali zaidi kwa uthibitisho wa kimantiki. Walionyesha kwamba, pale ambapo hoja zinazoamuliwa zimefungamana kama hizi za daraja, hakuna njia yoyote ya kuunganisha maoni inayoweza kutimiza mambo yafuatayo yote kwa wakati mmoja: ipokee maoni ya kila mtu ilimradi hayajipingi, imhesabu kila mtu sawa na mwenzake, iishughulikie kila hoja kwa utaratibu uleule, na daima itoe jibu kamili lisilojipinga. Lazima kimoja kiachwe. Wanaofahamu kazi ya mwanauchumi Kenneth Arrow ya mwaka 1951 kuhusu upangaji wa machaguo, au kitendawili cha mwanahisabati Mfaransa Condorcet cha mwaka 1785 ambamo wengi wanapendelea A kuliko B, B kuliko C, na bado C kuliko A, wataona kwamba hii ni jamaa ya karibu. Tofauti ni kwamba hapa hatuzungumzii watu wanapenda nini. Tunazungumzia wanaamini nini kuwa kweli na kwa sababu gani.

Maoni yangu ni haya. Kwa kuwa kimoja lazima kiachwe, jopo linakabiliwa na uamuzi unaotangulia uamuzi wenyewe: kura zihesabiwe kwenye sababu, hitimisho litokane nazo, au zihesabiwe kwenye hitimisho moja kwa moja na sababu zibaki mali ya kila mtu? Katika mfano wangu, njia ya kwanza inafunga daraja na njia ya pili inaliacha wazi, kwa watu walewale na maoni yaleyale. Kwa hiyo mwenyekiti anayesubiri kusikia kila mmoja anafikiri nini, ndipo atangaze utaratibu wa kupiga kura, ameamua suala zima peke yake bila kupiga kura hata moja. Nashikilia kwamba utaratibu huo uandikwe kabla shauri halijafunguliwa, na kwamba pale uamuzi unapogusa usalama au haki ya mtu, kura zihesabiwe kwenye sababu. Karibuni mnikosoe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mfano wako ni mzuri lakini nina shaka kama una uzito nje ya ubao wa kufundishia. Wahandisi watatu kugawanyika kwa mpangilio huo hasa ni bahati mbaya isiyotokea mara kwa mara. Katika maisha, watu wanaokubaliana kuhusu sababu hukubaliana pia kuhusu uamuzi. Pili, wananchi au wanachama wanataka jambo lifanyike au lisifanyike. Hawaulizi mantiki ya kila mjumbe. Wengi wakisema lisifungwe, lisifungwe, na mjadala uishie hapo.

Mchangiaji wa pili

Naomba nimjibu ndugu aliyetangulia kwa sababu taaluma yangu ni sheria. Jambo hili limetokea katika Mahakama ya Juu ya Marekani, tena mwaka 1949, katika shauri la National Mutual Insurance dhidi ya Tidewater Transfer. Suala lilikuwa uhalali wa sheria iliyowaruhusu wakazi wa Wilaya ya Columbia, ambayo si jimbo, kuwashtaki wakazi wa majimbo katika mahakama za shirikisho. Majaji watatu walisema sheria ni halali kwa sababu Bunge lina mamlaka hayo chini ya Ibara ya Kwanza ya Katiba, hata kama Wilaya si jimbo. Majaji wawili walikataa hoja hiyo, ila wakasema sheria ni halali kwa kuwa Wilaya inastahili kuhesabiwa kama jimbo kwa madhumuni ya Ibara ya Tatu, inayohusu mahakama. Majaji wanne walizikataa hoja zote mbili.

Matokeo ni kwamba sheria ilisimama kwa kura tano dhidi ya nne, wakati sababu ya kwanza ilikataliwa na majaji sita kati ya tisa, na ya pili ikakataliwa na saba. Mahakama iliamua jambo ambalo kila msingi wake ulikuwa umebomolewa na wengi wa majaji walewale. Mtasema aliyeshinda ameshinda, basi. Lakini mahakama ya chini, ikiletewa kesi inayofanana na hiyo kesho yake, ifuate sababu ipi? Chombo ambacho maamuzi yake yatatumiwa na wengine baadaye hakiwezi kuishi kwa hitimisho tupu.

Upo mfano wa pili unaovutia zaidi kwa sababu unaonyesha jaji aliyeiona hatari hiyo na kuikwepa. Katika Arizona dhidi ya Fulminante, mwaka 1991, mahakama hiyohiyo ilikuwa na maswali matatu: kama ungamo la mshtakiwa lilipatikana kwa shuruti, kama kosa la kutumia ungamo la namna hiyo linaweza kusamehewa pale ambapo halikuathiri matokeo, na kama katika kesi hii lilikuwa halikuathiri. Jaji Kennedy aliamini ungamo halikuwa la shuruti, na kwa maoni yake peke yake mshtakiwa hakuwa na la kulalamikia. Hata hivyo, wengi walipoamua kwamba lilikuwa la shuruti, aliikubali hiyo kama kauli ya mahakama na kuendelea kutoka hapo, akapiga kura iliyofanya hukumu ya kumtia mshtakiwa hatiani isisimame. Alipiga kura kinyume na hitimisho lake ili mahakama isijipinge. Wapo wanaomsifu na wapo wanaomlaumu, mimi namsifu.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nauliza swali la mtu wa takwimu. Tunajadili mantiki ya jopo kana kwamba lengo ni kuonekana hatujipingi, wakati lengo la jopo ni kupata jibu sahihi. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alichapisha mwaka 1907 matokeo ya shindano la kukisia uzito wa nyama ya ng'ombe katika maonyesho ya mifugo ya Plymouth, Uingereza. Karatasi 787 zilizosomeka zilipopangwa kwa mfuatano, kisio lililokaa katikati kabisa lilikuwa ratili 1,207, na uzito wa kweli ulikuwa 1,198. Kosa halikufika asilimia moja. Watu hao hawakujadiliana sababu, hawakupigia kura sharti la kwanza wala la pili. Walitoa hitimisho, likaunganishwa, likapatia.

Condorcet naye alionyesha kwamba ikiwa kila mpiga kura ana uwezekano wa kupatia unaozidi nusu, na kila mmoja anaamua bila kumfuata mwenzake, wingi wa kura hukaribia kupatia kwa hakika kadiri watu wanavyoongezeka. Nimepiga hesabu: mtu mwenye uwezekano wa asilimia 60 wa kupatia, wakiwa watatu wingi wao hupatia kwa asilimia 65 hivi, wakiwa 11 ni asilimia 75, na wakiwa 101 ni karibu asilimia 98. Kwa nini tusiwaachie wengi wapige kura juu ya daraja na kusahau habari za sababu?

Mleta mada

Nashukuru kwa michango. Swali la mchangiaji wa tatu ndilo zito kuliko yote, na majibu yake yanaunga mkono upande wangu zaidi kuliko nilivyotarajia.

Tuchukue hesabu yako hiyohiyo ya watu 101 wenye uwezekano wa asilimia 60 wa kupatia, lakini tuseme asilimia hiyo ni ya kila sharti, si ya hitimisho. Tuseme pia kwamba kwa kweli ufa umepita kiwango na uzito utaongezeka, kwa hiyo daraja lilitakiwa kufungwa. Kura zikihesabiwa kwenye sababu, kundi litapatia sharti la kwanza kwa asilimia 98 na la pili kwa asilimia 98, na yote mawili kwa pamoja kwa asilimia 96 hivi. Daraja litafungwa. Sasa tuhesabu kwenye hitimisho. Ili mtu mmoja aseme lifungwe, lazima aone masharti yote mawili, na uwezekano wa hilo ni 0.6 mara 0.6, yaani asilimia 36. Kwa hiyo kila mmoja ana uwezekano mkubwa zaidi wa kukosea kuliko kupatia, na kanuni ileile ya Condorcet inageuka upande wa pili: kadiri mnavyoongeza watu, ndivyo kundi linavyokaribia kukosea kwa hakika. Watu walewale, ujuzi uleule, na idadi kubwa iliyokuwa tegemeo letu imekuwa ndiyo maangamizi.

Kwa uadilifu niseme pia upande unaonibana. Ikiwa ukweli ni kwamba sharti moja tu limetimia, kupigia kura hitimisho kutapatia karibu kila mara, kwa kuwa uwezekano wa mtu mmoja kusema lifungwe unashuka hadi asilimia 24. Njia ya sababu itakosea mara chache, kama mara mbili katika mia. Maana yake ni kwamba kuhesabu kwenye hitimisho kuna upendeleo wa kusema hapana kila panapokuwa na masharti mengi yanayotakiwa kutimia pamoja, na upendeleo huo hukua kadiri masharti yanavyoongezeka. Pale ambapo kusema ndiyo kimakosa ni balaa kuliko kusema hapana kimakosa, kwa mfano kumtia mtu hatiani, upendeleo huo unaweza kutetewa. Kwa daraja lenye ufa hautetewi hata kidogo. Nimeona niitoe wazi nafasi hii kwa sababu pendekezo langu la mwanzo, kwamba haki ya mtu daima ihesabiwe kwenye sababu, lilikuwa pana mno. Katika mashtaka ya jinai naliacha mikononi mwa wanasheria.

Kuhusu ng'ombe wa Plymouth, kisio la uzito ni namba moja isiyofungamana na hoja nyingine iliyopigiwa kura. Hapo hakuna cha kujipinga. Tena nguvu yote ilitokana na kila mmoja kuandika kisio lake peke yake. Wakizunguka mezani na mzee mwenye sauti nzito akatangulia kusema, watu 101 huwa ni mtu mmoja aliyerudiwa mara 101, na asilimia 98 inarudi kuwa 60. Jopo nyingi ninazozifahamu huanza kwa kumpa neno mwenye cheo kikubwa, halafu zinashangaa kwa nini wajumbe wamekubaliana upesi hivyo.

Mchangiaji wa nne

Umesahau kwamba wajumbe si mizani, ni watu wenye hila. Mrudie mhandisi wako wa pili. Anaamini daraja lisifungwe. Utaratibu wako wa sababu ukitangazwa mapema, na akijua wenzake wana mwelekeo gani, ataona kwamba kura yake ya kweli kuhusu ufa ndiyo itakayolifunga. Atafanya nini? Atasema ufa haujapita kiwango, ingawa anaamini umepita. Sharti la kwanza litaanguka, na daraja litabaki wazi kama alivyotaka. Kumbe utaratibu unaodai kuheshimu sababu ndio unaowafundisha watu kusema uongo kuhusu sababu. Mtu anayepigia kura hitimisho moja kwa moja hana faida yoyote ya kudanganya.

Mleta mada

Hoja hiyo ni ya kweli na sina dawa yake kamili. Franz Dietrich na List wameithibitisha rasmi: kuhesabu kwenye sababu kunafungua mlango wa hila, ilimradi mjumbe anajali zaidi hitimisho kuliko sababu. Sharti hilo la mwisho lina maana kubwa. Mhandisi anayetakiwa kuweka saini kwenye kipimo cha kina cha ufa, kipimo ambacho mwingine anaweza kwenda kukirudia, hawezi kukana alichokiona kwa urahisi anaokana nao mjumbe wa siasa. Hila inahitaji pia kujua kura za wenzako kabla ya yako. Wajumbe wakiandika majibu ya sharti la kwanza na la pili kwa wakati mmoja, kabla ya kusikilizana, mhandisi wa pili hajui kama uongo wake utaokoa jambo au utaliharibu.

Hata hivyo nakubali kwamba palipo na wajumbe waliokuja na matokeo mfukoni, kuhesabu kwenye hitimisho kuna unyoofu ambao njia yangu haina. Mwanasheria wetu alimsifu Jaji Kennedy kwa kupiga kura kinyume na hitimisho lake. Si majopo yote yana watu wa kufanya hivyo.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeridhika kwamba jambo hili si la ubaoni tu. Lakini kwa nini tusimalize ugomvi kwa kupandisha kiwango? Hoja yoyote isipitishwe mpaka ipate zaidi ya theluthi mbili.

Mleta mada

Kwa mfano wa daraja pendekezo lako linafanya kazi, na sababu yake inaelezeka bila hesabu ngumu. Ili jopo lijipinge, lazima kauli tatu zipite kwa pamoja: ufa umepita kiwango, uzito utaongezeka, na daraja lisifungwe. Kila moja ikipata zaidi ya theluthi mbili, wanaoikataa ni pungufu ya theluthi moja. Waunganishe wakataaji wa kauli zote tatu, hata wakiwa watu tofauti kabisa, hawawezi kufikia wajumbe wote. Kwa hiyo yupo angalau mjumbe mmoja aliyezikubali zote tatu, na mjumbe huyo anajipinga, jambo tulilokwisha kulikataa tangu mwanzo. Masharti yakiwa matatu badala ya mawili, kiwango kinapanda hadi zaidi ya robo tatu, na kuendelea hivyo.

Bei yake ni kunyamaza. Katika jopo la watatu, zaidi ya theluthi mbili maana yake ni wote, na wahandisi wangu hawana hata kauli moja kati ya hizo tatu wanayokubaliana wote. Jopo halitasema daraja lifungwe wala lisifungwe. Na jopo likinyamaza, hali iliyopo ndiyo inayoshinda: magari yanaendelea kupita. Anayedhani kiwango cha juu hakipendelei upande wowote aangalie ni upande gani unaofaidika na ukimya.

Mchangiaji wa tano

Naongeza jambo ambalo limeachwa. Mnazungumza kana kwamba sharti limeteremshwa likiwa limekwisha kukatwa. Nani alisema ufa ni sharti moja? Ningeweza kuligawa: kwamba kipimo kilisoma zaidi ya kina kinachoruhusiwa, na kwamba chombo cha kupimia kilikuwa kizima. Wajumbe wakigawanyika ndani ya vipande hivyo, kitendawili cha mleta mada kinajirudia ngazi moja chini, na kura juu ya vipande inaweza kutoa jibu tofauti na kura juu ya ufa. Anayekata hoja ana nguvu ileile uliyomnyang'anya mwenyekiti.

Mleta mada

Ni kweli, na hapa ndipo pagumu kuliko pote. Kanuni ya kuhesabu kwenye sababu haisemi ziteremke hadi wapi. Ninachofuata mimi ni kutazama ni hoja zipi zinazoweza kuchunguzwa na mtu wa nje kwa ushahidi wa hoja zenyewe, nikisimama hapo. Uzima wa chombo una cheti chake na unaweza kupimwa upya, kwa hiyo ustahili kura yake peke yake, au bora zaidi usipigiwe kura kabisa bali chombo kikapimwe. Kugawa zaidi ya hapo mara nyingi ni kutafuta mpangilio unaozaa matokeo yaliyokwisha kuchaguliwa.

Na pale hesabu mbili zinapogongana licha ya yote, nashauri muhtasari wa kikao uandike zote mbili, wangapi kwa kila sharti na wangapi kwa hitimisho, badala ya kuandika ile iliyoshinda tu. Msomaji wa muhtasari wa jopo langu angeona kwamba wawili kati ya watatu waliukiri ufa, na mhandisi atakayeitwa mwakani angejua pa kuanzia kupima.